Fungua Mdomo

Saa kumi na mbili kasoro, mgonjwa wa mwisho ameshuka ngazi,
shavu limemvimba kama andazi.
Nafunga mlango wa mbele. Nazima feni.
Halafu nazima pampu, kama alivyoandika Daktari Shemdoe
kabla hajaenda kwao Tanga, kwenye karatasi ubavuni mwa tangi:
Dakika kumi. Usizidishe. Sechelela, usiyaonee huruma.

Maji yanatulia.
Nje, upepo wa Agosti unapenyeza vumbi la Nkuhungu
chini ya mlango, jekundu, laini kama unga wa mtama;
humu ndani kuna bahari ya lita mia mbili
niliyoikoroga mwenyewe kwenye pipa, Jumamosi,
chumvi ya paketi na maji yaliyochujwa mara nne,
maana maji ya kisima chetu yana chumvi pia,
lakini si hiyo.
Bibi yangu, aliyekwangua chumvi mbugani Bahi akaichemsha chunguni,
nilipomwambia kuna chumvi inunuliwayo kwa ajili ya mawe
aliuliza kama mawe hayo yana meno.

Hayana, bibi. Yana midomo tu.

Uduvi umekuja na treni ya umeme, katika kikoba cha barafu.
Nimeuyeyusha kikombeni kwa maji ya tangi lenyewe,
naunyonya kwa bomba la sindano lisilo na sindano.
Tone moja kwanza, la harufu.
Kisha nangoja.

Miaka kumi na moja kazi yangu imekuwa neno moja:
fungua. Fungua zaidi. Fungua, mzee, usining'ate kidole.
Nimewashika vichwa wanaume wa mnada wa Msalato,
watu wa kuangusha ng'ombe kwa mikono,
wakilia kwa kuona koleo.
Kwa matumbawe neno hilo halifui dafu.
Ukisukuma kwa nguvu yanajikunja yote,
jiwe linabaki jiwe, na chakula kinaoza pembeni.

Dakika ya tatu. Kitu kama uzi kinachungulia.
Kingine. Mara jiwe zima linaota nywele
za rangi ya ndizi mbivu,
na katikati ya kila duara, tundu
lisilotosha kichwa cha kiberiti.
Nashusha ncha ya bomba, naachia,
kama kumtilia mtoto mchanga dawa ya macho.
Uduvi unatua. Nywele zinaufunika.
Hakuna kutafuna, hakuna ahsante.

Yule mnyoo wa unyoya hataki kulishwa usoni:
apitishiwe wingu kwa mbali, atachuja mwenyewe.
Nikikosea kidogo anazama kwenye ala yake
kama mdeni aliyesikia hodi.
Na kamba mwekundu, mwizi, anakuja mbio
kupokonya tonge la asiyeweza kukimbia.
Nimekata chupa ya maji nusu, nawafunika walaji
kama vifaranga chini ya tenga.

Leo mchana alikuwepo Chedego, mtoto wa Ndahani, miaka sita,
taya limefungwa kwa komeo.
Mama yake kabembeleza, katishia, kaahidi soda.
Nikazima pampu kabla ya saa yake, nikampa bomba.
Akadondosha. Tukangoja wawili, kimya.
Jiwe lilipofunguka, naye akafunguka.
Sisemi kwamba alikubali kung'olewa. Hakukubali,
alimng'ata daktari wa zamu, akarudi nyumbani na jino lake.
Lakini kwa dakika nzima nililiona, jeusi, nyuma kushoto,
maana alisahau kufunga mdomo.

Dakika ya kumi. Nanyoosha mkono niwashe pampu,
umeme unakatika mtaa mzima.
Jenereta ni la mwenye nyumba,
na mwenye nyumba yuko Kondoa, msibani.

Basi nachukua kata ninayochotea maji ya pipa,
naiendesha bahari kwa mkono.
Chota, mwaga. Chota, mwaga.
Simu nimeibana kwa meno ili mwanga ushuke majini,
kwa hiyo leo siwezi kumwambia yeyote afungue chochote.
Chota, mwaga.
Bado yako wazi.